Sauti ya Hugues Ndani ya Bafle

Nzigire, binti ya Ntabaza, aliuza sambaza katika soko la Kamembe kwa miaka mingi, na uongo mdogo wa biashara aliujua vizuri. "Za asubuhi hii," angesema juu ya samaki wa jana, mteja angecheka, naye angecheka, na sambaza wangenunuliwa vilevile. Lakini uongo aliokuwa akimwambia baba yake nyumbani haukuwa wa biashara, na haukuwa mdogo tena.

Mzee Ntabaza alikuwa seremala wa Bukavu. Msumeno wa mashine aliousimamia maisha yake yote bila kuziba masikio ndio uliomla usikivu. Sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa. La kushoto lilisikia kidogo, ukimwinamia na kupaza sauti kama unayemwita mtu ng'ambo ya mto, na daktari alikwisha kumwonya Nzigire kwamba nalo linaelekea huko huko. Yeye na Nzigire walipovuka daraja la Rusizi kuingia Rwanda baada ya kumzika mama, wakapanga nyumba Kamembe, mzee aliacha nyuma randa na patasi zake zote. Alikuja na stereo yake: ampli nzito ya zamani ya kukuza sauti, na spika zake, bafle mbili ambazo masanduku yake aliyachonga kwa mkono wake mwenyewe. Akiifungulia sauti mpaka mwisho na kuweka kiti katikati ya zile bafle, muziki ulimfikia. Simu haikumfikia. Ukimwekea sikioni aliishika tu, kama mtu aliyepewa jiwe alishike.

Hugues alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Mama alipougua, Hugues alitaka wamvushe upande wa Rwanda, wampeleke hospitalini. Mzee alikataa. Siku hizo alikuwa mtu wa chumba cha maombi, akasema Mungu hahitaji daraja. Mama alifia kwenye mkeka wa chumba hicho cha maombi, na pale makaburini Hugues alimkazia baba yake macho mbele ya watu wote akasema, "Weye njo ulimuua." Akaondoka na nguo alizovaa.

Muda mrefu ulipita bila wao kujua kama yu hai. Kisha ujumbe wa sauti ukaingia katika simu ya Nzigire. Hugues alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, mbali huko Mwenga, mahali ambapo mtu hupanda kilima kutafuta mtandao. Alisema ni mzima. Alisema pia: dada, yule mzee usimwambie kitu.

Nzigire aliacha beseni lake kwa jirani wa meza, akakimbia nyumbani na magamba ya samaki mikononi. Alimkuta baba yake mlangoni, amekonda, shati limemning'inia kama la mtu mwingine. Akamwinamia sikio la kushoto.

"Papa! Hugues iko muzima! Anakusalimia!"

Angeweza kuishia kwenye ule uzima, asitunge salamu. Lakini alimwona mzee akifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika, na tangu hapo hakupata njia ya kurudi. Kila ujumbe ulipoingia, na haikuwa mara nyingi, mzee alimngoja amwambie, naye akaongeza. Hugues anauliza afya yako. Hugues anasema usilale na njaa. Hata siku mzee aliposhikwa na homa, akageukia ukuta na kukataa uji, Nzigire alimwambia lile neno ambalo lingemwinua maiti.

"Papa, Hugues anasema amekusamehe."

Mzee aligeuka, akanywa uji. Baada ya siku chache alikuwa anatembea uani. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu mtu aliyesamehewa hataki kuambiwa na mwingine.

"Nataka kulisikia mwenyewe," alisema. "Lile neno. Nataka litoke mu kinywa yake, kabla hii sikio ikufe."

"Simu hauisikiake, papa."

"Simu hapana. Bafle." Akaonyesha kwa kidole. "Pale kwa kinyozi niliona. Simu iko mu mufuko ya kijana, na redio kubwa njo inaimba. Hakuna hata waya. Enda unitafutie kile kidude."

Alimsumbua asubuhi, akamsumbua alipotoka sokoni. Nzigire alitafuta visingizio mpaka vikamwishia. Mwishowe akaenda kwa Vénuste, fundi wa redio mwenye duka karibu na kituo cha mabasi, mtu mpole ambaye huwa hakuuzii kitu kabla hajakueleza.

Vénuste aliweka vidude viwili juu ya kioo cha meza. Kimoja kilikuwa kidogo kama kiberiti. Kingine kilikuwa kipana, cheusi, kinang'aa, na taa ya buluu usoni.

"Maman Nzigire, sikiliza vizuri, batu banakoseaka hapa," alisema. "Byote bili binaingia nyuma ya ampli na hizi waya, nyekundu na nyeupe. Lakini kazi yabo haiko moja. Hii kubwa inajitafutia muziki yenyewe ku internet. Simu inakuwa kama komande ya televizyo tu: unaichagulia wimbo, inaenda kuichukua. Sauti inakuwa safi sana. Lakini itakuomba wifi, na itakula mega zako. Hii kidogo ni bluetooth. Yenyewe haichagui. Kila kitu simu inasema, bafle inasema."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Muziki, radio, vocal za watsapu, zile ujumbe za sauti. Hata mutu akikupigia, nyumba yote itasikia."

"Na ile kubwa? Vocal haichukue?"

"Ile hapana. Ni muziki tu." Vénuste akasogeza kile kidogo mbele yake. "Juu ya mzee, chukua hii. Ni rahisi, na bei yake haiumizi."

Nzigire alikishika kile kidogo. Kilikuwa chepesi mno kwa kitu ambacho kingeweza kumwua baba yake. Alimwona mzee amekaa kati ya bafle zake, amejiinamisha, anangoja msamaha, na sauti ya Hugues inamwangukia kama tofali. Akakirudisha juu ya kioo.

"Nipatie ile kubwa."

"Lakini Maman, mzee anataka nini?"

"Muziki," alisema Nzigire, na akashindwa kumtazama.

Vénuste alikuja mwenyewe kukifunga. Nzigire akawasha mtandao wa simu yake ili kidude kipate wifi, akachagua rumba za zamani ambazo mama alipenda kuzicheza akiwa jikoni. Magitaa yaliijaza nyumba mpaka vikombe vikatetema kabatini. Mzee alifumba macho. Alipiga paja kwa kidole, akaimba nusu ya mstari, akacheka, akalia, na Nzigire akiwa amesimama nyuma ya kiti alifikiri: labda hii itatosha. Mungu wangu, itoshe.

Haikutosha hata siku hiyo moja. Wimbo ulipokwisha mzee aligeuza kiti.

"Sasa weka Hugues."

"Hii kidude hakichukuake vocal, papa. Ni muziki tu."

Mzee hakumtazama machoni. Alimtazama mdomo. Watu wanaopoteza masikio hujifunza kusoma midomo, na mdomo wa Nzigire ulikuwa umekauka.

"Haichukue," alirudia mzee taratibu. "Sawa."

Kesho yake Nzigire aliporudi kutoka sokoni mchana, aliukuta mlango wazi na kiti kitupu. Nyuma ya ampli waya zilining'inia, na kidude cheusi hakikuwapo. Jirani alisema alimwona mzee akielekea barabarani, amevaa koti lake la ibada.

Nzigire alikimbia. Barabara ya kituo cha mabasi ni ya malori na mapikipiki, na yule mzee hasikii honi hata ikimlilia mgongoni. Aliuliza wanawake wa ndizi, akauliza vijana wa moto, wale wa pikipiki za abiria, akachungulia kila kundi la watu waliokusanyika akitarajia kumwona amelala katikati yake. Alipofika kwa Vénuste, pumzi haikumtosha kuuliza.

"Ametoka hapa sasa hivi, na moto," alisema Vénuste, na uso wake ulikuwa na aibu. "Alirudisha ile kubwa, akachukua ile kidogo. Maman, aliniuliza kama hakuna kidude ya kuchukua vocal. Niliandika mu karatasi: iko, nilimuonyesha binti yako. Sikujua kama ni siri."

Nzigire aliporudi nyumbani, mzee alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya stereo akichomeka waya, nyekundu kwenye nyekundu, nyeupe kwenye nyeupe, na mikono yake ya useremala haikutetemeka. Alisimama kwa kushika ukuta. Kile kidude cha ukubwa wa kiberiti kilikuwa kinawaka taa ndogo.

"Lete simu."

"Papa, naomba."

"Lete simu, Nzigire."

"Majirani batasikia!" alimpigia kelele sikioni, kwa kuwa hakuwa na neno jingine. "Uwanja wote utasikia!"

"Basikie. Mwanangu amenisamehe, basikie bote."

Nzigire alilia. Alimshika baba yake mikono, akatikisa kichwa, akasema hapana, papa, hapana, na mzee akamtazama tu mpaka akachoka kusema. Kisha akaifungua simu, akaiunganisha na kile kidude, akagusa ujumbe wa mwisho wa Hugues. Mzee alikuwa amekwisha kufungua ampli mpaka mwisho.

Kwanza ulitoka upepo wa kilimani, mkubwa kama mvua juu ya mabati. Kisha Hugues alikohoa, na kikohozi chake kikagonga kuta zote.

"Nzigire dada yangu. Niko. Huku mvua ni mingi, shimo moja ilianguka, lakini miye niko. Usilie lie. Na ile habari ya yule mzee unaniandikiaka kila siku, acha. Usiniletee tena. Miye nilimuzika siku moja na mama."

Upepo tena, halafu kimya. Huko uani mtu aliyekuwa akitwanga majani ya sombe alisimamisha mchi.

Mzee Ntabaza alikuwa ameweka kiganja juu ya bafle. Hakukiondoa.

"Rudisha," alisema.

Nzigire alirudisha. Kikohozi, mvua, shimo, dada, yule mzee. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha sikio la kushoto, na midomo yake ilifuata maneno kama mtu anayejifunza sala.

"Ile ya kunisamehe," aliuliza, "iko mu vocal gani?"

Nzigire alipiga magoti palepale. "Haiko, papa. Ni miye nilitunga. Ulikuwa unakufa."

"Na salamu?"

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitamani sikio lile lingekuwa limekufa jana.

"Papa..."

"Nakuuliza salamu. Hata moja?"

"Hata moja."

Mzee alikaa kwenye kiti chake. Hakumkemea. Alikaa hivyo jua likizunguka kutoka mlangoni mpaka dirishani, mikono juu ya magoti, na Nzigire, aliyekuwa bado sakafuni, aliona kwamba kipigo kingemfaa zaidi. Mwishowe mzee alinyoosha mkono kuiomba simu.

"Nionyeshe pa kusemea."

Nzigire alibonyeza kile kipaza sauti kidogo cha kijani, akamshikia simu mbele ya kinywa. Mzee alisema kwa sauti kubwa, kama viziwi wanavyosema:

"Hugues. Ni papa. Nimekusikia."

Alingoja kama kuna lingine litakuja. Halikuja. Akafanya ishara kwa mkono, na Nzigire akautuma.

Ujumbe ulikaa na alama moja ya kijivu, maana yake haujafika. Ulikaa hivyo siku nyingi. Ndani ya siku hizo mambo ya nyumba yalibadilika. Mzee hakumuuliza tena Nzigire kuna habari gani. Simu ilipolia alinyoosha kidole kwenye bafle, na Nzigire aliweka kila kitu: wateja wakilalamika sambaza, mwenye nyumba, tangazo la kampuni ya simu, yote kwa sauti ya kutetemesha vikombe, na majirani wakajua biashara yake yote. Alimwambia, "Papa, ni mteja tu." Mzee alitikisa kichwa: weka. Neno la Nzigire lilikuwa halina thamani tena katika nyumba ile, na alilijua, na kila asubuhi alilibeba pamoja na beseni kwenda nalo sokoni.

Sambaza wengi walitoka ziwani wiki hiyo, na bei ilianguka. Nzigire alikuwa anawamwagia maji wasikauke aliposikia simu ikitetema kiunoni. Alifuta mikono kwa kitenge, akatazama. Hakukuwa na ujumbe mpya wa Hugues. Ni mteja aliyeuliza bei. Lakini alipoupekua ule wa baba yake, aliona alama zimekuwa mbili, na kile kipaza sauti kidogo pembeni kimegeuka buluu. Mtu alikuwa amepanda kilima, akausikiliza.

Alifunika beseni, akaenda nyumbani. Mzee alikuwa anapiga msasa ubao wa kiti kilichovunjika. Nzigire alimwinamia sikio la kushoto, akaona kwamba sasa lazima apaze sauti kuliko zamani.

"Papa! Amesikiliza!"

Mzee alimtazama mdomo kwanza. Kisha akachukua simu mwenyewe, akaileta karibu na macho, na Nzigire akamwonyesha kwa kucha ile alama ya buluu.

"Kisha?"

"Kisha hakuna kitu, papa."

Mzee alimrudishia simu. Alipuliza unga wa mbao kutoka kwenye ubao, akaupapasa kwa kidole gumba kutafuta palipobaki pakali, akaendelea kupiga msasa.