Siku Ambayo Mama Hakushika Zamu

Juzi niliingia duka la pembejeo hapa Bariadi kununua mbegu za mchicha, nikatoka mikono mitupu. Harufu ya sumu ya pamba ilinipokea mlangoni, nami mtu mzima, mama wa watoto wawili, nikasimama barabarani nikilia mbele ya vijana wa bodaboda. Utanisamehe, rafiki yangu. Nikishaanza habari hii lazima niimalize.

Nilikulia kijijini upande wa Nkoma, na pale tulikuwa na chekechea ambayo haikuwa ya serikali wala ya kanisa. Ilikuwa ya mama zetu. Waliomba ghala la pamba lililokuwa tupu, wakalisakafia kwa udongo na mavi ya ng'ombe, wakamtafuta mwalimu, binti aliyemaliza kidato cha nne. Walimlipa mahindi na kumlimia shamba lake. Kila siku mama mmoja alibaki kushika zamu: kupika uji, kufuta makamasi, kuwabeba wadogo waliolilia nyumbani. Wengine walikwenda kupalilia kwa amani. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba bila mama wa zamu mlango haufunguliwi, kwa kuwa mwalimu asingeweza kutuchunga wote peke yake.

Ule uji wa mtama wenye ukwaju bado naupata ulimini. Saa nne tulipewa michembe, viazi vilivyokaushwa hadi vikawa vigumu, tukavitafuna huku tukihesabu kwa mbegu za ukwaju zilezile zilizotoka kwenye uji.

Ijumaa mchana ghala lilikuwa la wazazi. Mama zetu walikaa kwenye mikeka yetu, miguu wameinyoosha, mwalimu akiwafundisha: mtoto akiuliza ajibiwe, mwenye homa awahishwe zahanati, sumu isitiwe kamwe kwenye chupa ya kunywea. Bibi yangu naye alihudhuria, na kila somo alilifunga yeye kwa kusema mkono mmoja haulei mwana. Akina baba hawakuja. Baba yangu alikuwa akimtania mama, "Mayu, mama watoto, mtoto hukua kama ndama. Nani aliwahi kumfundisha ng'ombe kulea?" Mama alicheka naye. Nilimpenda baba kwa utani wake, na bado nampenda, ndiyo maana hasira yangu sijui niiweke wapi.

Msimu ule funza waliingia kwenye pamba mapema. Bomba la kupulizia sumu lilikuwa moja kijijini, likizunguka kaya kwa kaya, na likafika kwetu siku ya zamu ya mama.

"Leo twende wote," baba alisema. "Nani atanichotea maji? Watoto hawafi kwa kukosa uji siku moja."

Mama akamwomba jirani ampelekee mwalimu taarifa. Mlango haukufunguliwa. Watoto wote wa kijiji waliwafuata wazazi wao mashambani siku ile, nami na mdogo wangu wa kiume, wa miaka mitatu, tukaenda shambani kwetu.

Kwetu sumu ya pamba iligawanwa kama chumvi. Jirani akiishiwa, unammiminia kidogo. Baba alimimina ya jirani kwenye chupa ya soda, akaiweka kivulini karibu na kibuyu cha maji ili jirani akipita aichukue. Alikuwa anafanya wema. Mimi nilikuwa nachuma mlenda kwenye matuta niliposikia mama akiita jina la mdogo wangu, mara moja tu, kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Baba alimbeba akakimbia naye kuelekea zahanati, na zahanati ilikuwa mbali. Alirudi akitembea polepole, akiwa bado amembeba.

Msibani hakuna aliyemlaumu mama. Wanawake walilala naye sakafuni siku zote za matanga, wakamwogesha, wakamlisha kwa mikono yao. Ijumaa iliyofuata baba alikuja ghalani, mwanamume peke yake, kofia mkononi, akakaa kando ya ukuta.

"Mwalimu, nifundishe na mimi," alisema.

Mwalimu alijaribu kuanza, akashindwa. Akaturuhusu wote twende nyumbani.

Baada ya hapo wanawake wengine walimruka mama kwenye zamu. Walisema apumzike. Ilikuwa huruma, naapa, lakini mama aliisikia kama hukumu, akaacha kunipeleka. Na wale waliobaki wakaanza kuogopa zamu zao, maana sasa kila mmoja alijua uzito wake. Watu hudhani shule kama ile hufa kwa kukosa fedha. Yetu ilikufa kwa sababu watu wema walishindwa kutazamana usoni. Kabla ya mavuno mwalimu alirudi kwao, na ghala likajazwa pamba.

Sasa binti yangu anasoma chekechea nzuri hapa mjini, yenye bembea na geti. Namshusha, naondoka. Mwezi uliopita uliingia ujumbe kwenye kundi la wazazi kwamba mtoto mmoja wa darasa lake amefariki. Niliandika "poleni sana", nikaendelea kupika. Jioni binti yangu aliniuliza kama tutaenda kwao msibani. Sikujua wanakaa wapi. Hata mama wa yule mtoto sikumjua.