Mwalimu Recheli na Kitabu cha Mizinga

Recheli Silasi alifundisha darasa la tatu katika shule ya msingi moja upande wa Kwihara, nje ya mji wa Tabora, kwa miaka kumi na moja bila kuandika chochote zaidi ya maandalio ya masomo. Hakuwa na wazo la kuandika vitabu. Wazo lilikuja kwa sababu ya aibu ndogo aliyoipata mbele ya mgeni.

Wageni wanaokwenda kuona tembe la Livingstone, nyumba ile ya kale ya udongo, hupita karibu na shule ile, na watoto wa pale wanaijua historia ya tembe kama wanavyojua sala: nani alikaa pale, misafara ilitoka wapi na ilibeba nini. Siku moja mwaka 2016 mgeni mmoja alisimama uwanjani akamwuliza mwanafunzi aitwaye Kabula jina la ndege aliyetua juu ya paa.

"Ni ndege," Kabula alisema.

"Ndege gani?"

"Ndege tu, wa kawaida."

"Na mti ule pale mpakani?"

"Ule wa Bibi Getruda."

Wenzake walicheka. Recheli hakucheka, maana jina la ndege yule hata yeye hakulijua. Mti aliujua. Ulikuwa mtundu, mti wa miombo uliojaa porini kwao.

Jioni alifungua kabati la vitabu. Alikuta kitabu cha nyangumi, viwili vya dubu wa barafuni na kimoja cha milima inayotoa moto. Cha mchwa hakikuwepo, ingawa kichuguu kilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Akanunua karatasi za manila, akazikata, akazishona kwa uzi wa gunia, akaandika cha mchwa yeye mwenyewe.

Alijiwekea utaratibu mmoja: haandiki jambo ambalo hajaliona, au ambalo hajaonyeshwa na mtu anayelifanya. Aliposoma mbele ya darasa, mtoto akisema "sivyo, Mwalimu" na akaleta ushahidi, ukurasa uliandikwa upya. Aliandika kwamba mbawa za kumbikumbi hukatwa na upepo. Kabula akaleta kumbikumbi ndani ya kopo, darasa zima likamwona anavyozipukutisha mbawa mwenyewe. Ukurasa ukachanwa.

Kitabu cha nne kilikuwa cha nyuki na mizinga. Hapo hakuhitaji kuuliza mbali. Baba yake, mzee Silasi wa Ipole, wilaya ya Sikonge, ametundika mizinga ya magome tangu ujana wake. Recheli alikwenda kwao likizo mbili mfululizo, akaenda naye porini, akaandika kila hatua: gome la mtundu hubanduliwa wakati wa mvua linapoachia mti vizuri, hukatwa juu na chini kuzunguka shina, hukunjwa liwe kama pipa, hufungwa kwa vijiti vilivyochongwa, ncha huzibwa kwa nyasi zilizosukwa. Mzee alifurahi. Hakuwahi kuulizwa maswali mengi hivyo na mtu aliyekuwa akiandika majibu. Katika ukurasa wa kwanza Recheli aliandika: *Mafundisho ya Mzee Silasi, mfuga nyuki wa Ipole.*

Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alikuwa akitafuta vitabu vya maarifa kwa watoto. Recheli alituma nakala. Mhariri, jina lake Najiat, alipiga simu akasema wanakichukua.

Wakati huo watoto walikuwa wameshakifanyia kazi. Mwezi wa Januari, mvua zikiwa kubwa, darasa la tatu lilitengeneza mzinga kwa kufuata kitabu hatua kwa hatua. Mzinga ulitoka mzuri, ukatundikwa nyuma ya shule. Recheli alijivuna, na hakuuliza sana gome limetoka wapi.

Mwezi wa Oktoba miti ya mitundu huchipua majani mekundu hata kabla ya mvua. Ule wa mpakani haukuchipua. Bibi Getruda, jirani wa shule, alikuja na panga mkononi, si kwa ugomvi, alikuwa anatoka shamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu, mti wangu umekufa."

"Mti upi?"

"Ninao mingapi? Nimewauliza watoto. Wanasema kitabu ndicho kilichowatuma."

"Kitabu hakikuwatuma kwenye mti wako, bibi."

"Kiliwatuma kwenye mti wa nani?"

Recheli alikwenda kuuangalia mti. Shina lilikuwa limebanduliwa kuzunguka lote, safi kabisa, kama baba yake anavyofanya. Utotoni alikuwa akibeba magome kichwani kutoka porini hadi nyumbani, lakini hakuna aliyekuwa akirudi kwenye mti uliokwisha kubanduliwa, maana hapakuwa na cha kufuata tena. Ipole ina pori, mti mmoja hauonekani umepungua. Kwihara mti ulikuwa mmoja.

Najiat alikuwa ametoa wiki mbili za masahihisho ya mwisho. Recheli aliandika ukurasa mpya: mti unaobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa. Sentensi ilikuwa fupi, lakini ilikaa chini ya jina la baba yake. Kama angekasirika, asingempeleka porini tena, na vitabu vyote alivyokuwa anavifikiria baada ya hicho vilikuwa porini kwa mzee yule. Hakutaka baba alisikie kwa mtu mwingine. Jumamosi alipanda gari kwenda Ipole.

Mzee alikuwa amekaa nje na kaka yake Recheli, Amon, anayelima tumbaku. Recheli alisalimia, akanywa maji, akasoma ukurasa ule kwa sauti.

Mzee alisema, "Kwani mimi sijui kwamba unakufa?"

"Najua unajua, baba. Watoto hawakujua."

"Wenzangu watasema nimewashitaki. Mabwana misitu wanatusema kila siku, sasa na binti yangu. Jina langu ondoa."

"Baba, kila kitu humo ni chako."

"Ndiyo maana nasema ondoa." Akanyoosha mkono kuelekea bani, kibanda kirefu ambamo Amon hukaushia tumbaku kwa moto wa kuni. "Mimi mzinga mmoja, mti mmoja, na nyuki wanakaa humo miaka. Lile linakula miti kila msimu, wala halina asali. Hilo mbona hujaliandika?"

Amon aliinua kichwa. "Mzee, mimi nimeingiaje?"

"Umeingia kwa kuni."

"Bani hilo ndilo lililomsomesha huyu!"

"Sijasema halikumsomesha. Nasema aliandike. Akiliandika, jina langu liache. Asipoliandika, anawasema wanyonge tu."

Recheli alimgeukia kaka yake. Ada ya chuo cha ualimu ilitoka kwenye tumbaku ya Amon, miaka yote miwili. "Kaka, unasemaje?"

"Andikeni," Amon alisema akisimama. "Mnunuzi wa tumbaku hasomi vitabu vya watoto." Akaondoka kwenda shambani, ingawa jua lilikuwa linakaribia kuzama.

Jumapili baada ya ibada Recheli alikwenda peke yake nyuma ya bani. Alihesabu magogo yaliyopangwa, halafu akafuata njia ya mkokoteni akahesabu visiki mpaka akachoka. Akaandika alichokiona, bila jina la kaka yake. Kisha akaongeza mzinga wa mbao, usiohitaji gome, na jinsi ya kuuunda.

Najiat alipiga simu. "Mwalimu, ukurasa wa tumbaku ni wa lazima? Kitabu ni cha nyuki."

"Ukiutoa huo, utoe na wa gome."

"Na wa gome ukitoka?"

"Basi kitabu kirudishe. Kimeshaua mti mmoja."

Kurasa zote mbili zilibaki. Kitabu kilitoka mwaka 2019. Recheli alimpelekea Bibi Getruda nakala na mche wa mtundu. Bibi alipokea mche, akasema macho yake hayasomi.

Ipole alikwenda likizo ya Juni. Amon alimsalimia vizuri lakini hakuomba kukiona kitabu. Mkewe ndiye aliyekichukua, akakisoma jikoni, akakirudisha. Mzee aliomba asomewe chote. Ukurasa wa gome aliuacha upite. Recheli alipofika kwenye bani, mzee alisema, "Rudia hapo." Recheli akarudia, kwa sauti ya chini kidogo, maana Amon alikuwa uani akinoa jembe.

Mzee alikichukua kitabu, akaangalia jina lake, akakifunga.

"Kesho naenda kukagua mizinga kule mtoni," alisema. "Vaa viatu vya kufunika. Mwaka huu nyasi ni ndefu."