Nishani kwenye Shati la Kheir

Wako mafundi wa kushona nguo za harusi, wakasifiwa mji mzima. Shaima wa Malindi ya Unguja hakuwa wa kundi hilo. Yeye alikuwa fundi wa viraka. Babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu na wakiagizia nguo Maskati. Yeye alibakiwa na cherehani moja ya mkono chini ya dirisha, na hakuna siku aliyoionea aibu. Nguo aliyoijua kuliko zote ni shati la kijani la mumewe, Mundhir, mlinzi wa msitu. Kila akirudi kutoka vichaka vya maweni vya nyuma ya Bwejuu, wanakojificha paa nunga, shati lilikuwa limechanika mahali papya. Shaima akilitia uzi aliokunja mara mbili huku akimtania: "Miba ndiyo inayokuchania, au una mke mwengine huko mwituni?"

Siku ya mwisho shati halikuja na mtu. Lilikuja ndani ya mfuko wa nailoni kutoka hospitali, limekatwa ubavuni kwa panga. Wasasi, wawindaji wa magendo, waliingia Ijumaa asubuhi na mbwa wao na nyavu zao, Mundhir akawazuia njia peke yake.

Sasa, walinzi wale wana desturi yao. Mmoja akipata harusi au maziko, mwenzake humshikia zamu, na wakubwa hawaambiwi, maana kubadilishana zamu bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa kazi. Ijumaa ile zamu ilikuwa ya Kheir, rafiki wa Mundhir. Kheir alikuwa Mkokotoni, anamwoza dada yake, na Mundhir alimshikia. Ndiyo maana mkubwa wao alipokuja kutoa pole, kikombe cha kahawa mkononi, alisema kwa upole kuwa marehemu alikuwa mapumzikoni. Alijiendea mwenyewe. Siku ya kuwakumbuka walinzi waliofia kazini jina lake halitasomwa. Bi Sheikha, mama wa Mundhir, akauliza: na ile sare aliyofia? "Sare si zamu, Bi Sheikha," akajibu, akamaliza kahawa yake. Shaima alikuwa nyuma ya pazia, ndani ya eda, akauma ncha ya kanga asije akapiga ukelele.

Midomo ya watu nayo haina kufuli. Mtaani walishaanza: mtu na siku yake ya mapumziko alifuata nini porini, kama si kugawana nyama na wasasi? Watoto wawili wa Mundhir wakarudi nalo neno hilo kutoka skuli. Hapo Shaima aliona kuwa mumewe anauawa mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumzika.

Eda haimzuii mtu kusema jambo la haja. Alimtuma mama mkwe wake amwite Kheir, naye akaja baada ya alasiri, akakaa barazani, mlango umerudishwa nusu.

"Shemegi, nnajua unaloniitia," alisema Kheir. "Nikilisema hilo nshafukuzwa. Nna watoto wanne, na mama yuko kitandani."

"Na mimi nna wawili. Wanaambiwa baba yao alikuwa mwizi wa nyama."

"Mungu anajua, shemegi."

"Mungu anajua, Kheir. Wanangu hawajui."

Kheir akalia. Lakini kulia si kusema. Akaondoka bila ya kuahidi kitu, na Shaima akamchukia na kumwombea, yote kwa pamoja.

Siku yenyewe ya kumbukumbu Bi Sheikha alikwenda peke yake, amevaa buibui lake la sikukuu. Shaima alibaki na cherehani, kila kishindo cha mlangoni kikimsimamisha. Bi Sheikha aliporudi alikaa kitako bila ya kuvua viatu. Majina yalisomwa, alisema, kila moja likaombewa dua. La Mundhir halikusomwa. Kisha mkubwa akatangaza kuwa yupo shujaa aliye hai, aliyekuwa zamuni siku ile wasasi walipoingia, akaokoka. Akamwita Kheir mbele ya watu, akamtia nishani kifuani.

"Na yeye akasemaje?"

"Akasema ahsante."

Jua halijazama, Kheir alipiga hodi. Shikamoo yake Bi Sheikha hakuiitikia. Kheir aliinyofoa nishani kifuani kwa nguvu hata shati likachanika, akaipitisha kwenye mwanya wa mlango.

"Ni yake," alisema. "Siiwezi."

Shaima aliitazama pale sakafuni, kipande cha shaba kilichochorwa paa. Alitamani kuitupa chooni, na aliyeileta pia.

"Mama," alisema, "mwambie anipe na shati."

Kheir alibaki na fulana barazani, wapita njia wakimtazama. Ndani, Shaima alikunja uzi mara mbili, kama aliokuwa akimtilia Mundhir. Pini hakuitumia. Alizungusha uzi kwenye shaba na kwenye kitambaa, akapiga fundo, akazungusha tena, mpaka vidole vikamuuma. Akaivuta kuijaribu: haitoki ila itoke na shati. Akaukata uzi kwa meno, akampa Bi Sheikha alipeleke.

"Ivae, Kheir," alisema kutoka nyuma ya mlango. "Kila zamu uivae. Wakikuuliza umeipataje, utawajibu wewe."

Kheir alilivaa, akashika njia. Bi Sheikha akaufunga mlango, akamgeukia mkwewe.

"Umemsamehe?"

"Nimemshonea, Mama."