Kichwa cha Fundi Cherehani

Miaka ile Nyamirambo, mtaa wetu wa Kigali, kila mtu aliumwa kichwa. Ukiitwa kwenye mkutano wa chama usioutaka, ulituma salamu kwamba kichwa kinakuuma. Duka likifungwa mchana kweupe, mwenyewe alisema kichwa. Hakuna aliyeuliza zaidi, maana sote tulijua neno hilo limebeba hofu, na hofu haikutajwa kwa jina lake. Basi mume wangu aliposema anaumwa kichwa, majirani walimpa pole wakaenda zao.

Mimi sikutulia. Nililala naye kitanda kimoja, na nilijua anavyokuwa akiogopa: huongea mno, husimulia hadithi za babu yake aliyekuja na misafara ya biashara kutoka pwani, mpaka unatamani alale. Safari hii alikuwa kimya. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kiganja juu ya paji la uso, na nikimuuliza anasema ni kichwa tu.

Alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilichokuwa duka. Yeye alishona, mimi nilipiga pasi. Tangu vijana wa vyama vya siasa walipoanza kurushiana mawe barabarani, mafundi wa mtaa wetu walijizoeza kufanya kazi milango ikiwa imefungwa. Sisi tuliacha ubao mmoja tu wa mlango wazi ili mwanga uingie, na tukapigilia gogo lenye bati kukatiza nafasi hiyo, usawa wa kifua, ili mtu asiweze kuvamia mbio. Mteja aliingia kwa kuinama. Siku moja mume wangu alikuwa nje anampima mteja mabega, ghafla zikasikika kelele kutoka upande wa juu wa barabara, na watu wakaanza kukimbia. Akajitupa ndani, akainuka kabla hajamaliza kupita, gogo likampiga utosini. Kumbe walikuwa mashabiki wa mpira wanatoka uwanjani, timu yao imeshinda. Tulicheka hadi machozi, naye alicheka kuliko sote. Damu haikutoka hata tone.

Kichwa kilianza baadaye, wakati kila mtu amekwisha sahau. Tulianza na malaria, kwa kuwa Kigali kila kitu huanza na malaria. Alimeza kwinini mpaka masikio yakamvuma, kichwa kikabaki. Mama mkwe akamleta mwalimu wa madrasa, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akazisuuza kwa maji, akamnywesha kombe. Fundi mwenzake akasema ni macho, sindano imemchosha, akamletea miwani ya sokoni iliyomfanya aonekane kama karani aliyefukuzwa kazi. Kila mmoja alimpa ugonjwa anaoujua yeye. Nilikuwa nazunguka nyumbani nikiokota vitu na kuvirudisha palepale.

Kisha kichwa kikanipata na mimi. Kikampata mama mkwe, na mwanetu akawa anatapika. Mama mkwe akasema ni jicho la watu. Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo: nikienda sokoni kichwa kinaacha, nikirudi na kushika pasi kinarudi. Pasi yetu ilikuwa ya makaa, na makaa yenyewe niliyawasha kwenye imbabura, jiko letu la udongo, mlemle ndani, kwa sababu kwenda uani na kurudi kulikuwa kunanichosha na milango yote imefungwa. Tulikuwa tunavuta sumu ya makaa toka asubuhi hadi jioni.

Nilifungua madirisha kwa hasira, nikalibeba jiko hadi uani. Hazikupita siku nyingi, tukapona. Mtoto akaanza kudai chapati. Mama mkwe akanisifu mbele ya wageni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, na nakiri sifa hiyo niliilamba kama asali. Mume wangu naye akasema kichwa kimeacha, alhamdulillahi.

Ningeamini, kama si ile kanzu. Idd ilikuwa inakaribia, kazi imejaa, naye akanipa kanzu niipige pasi. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshonwa nje ndani, na tarizi ya shingoni imekwenda upande. Mtu huyu alikuwa akifumua shati zima kwa ajili ya tundu moja la kifungo. Alisema ni uzi mbaya. Nikaanza kumwangalia. Mkono wake wa kushoto, ule wa kuongoza kitambaa, ulikuwa unateleza pembeni bila yeye kujua. Adhuhuri nikamkuta amelala juu ya meza, shavu kwenye chaki.

Nikamwambia twende hospitali. Akasema baada ya Idd. Nikauvua mkanda wa cherehani, nikautia kifuani mwangu, nikamwambia mashine haitazunguka mpaka amwone daktari. Alikasirika, kisha akashindwa hata kuendelea kukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

Hospitalini daktari aliuliza kama amewahi kugongwa kichwani. Mume wangu akasema hapana, na hakuwa anadanganya; alikuwa amesahau. Mimi ndiye niliyeeleza habari ya gogo na mashabiki, na ya makaa, na jinsi alivyosema amepona. Daktari aliacha kuandika. Akammulika macho kwa tochi, akamwambia anyooshe mikono yote miwili, na wa kushoto ukashuka wenyewe, taratibu. Akatueleza kwamba kichwa cha malaria huja na homa, cha makaa huondoka ukipata hewa, lakini hiki kina damu iliyovuja kidogo kidogo chini ya fuvu, inabana ubongo, na ni lazima alitoboe leo hii. Kisha akamuuliza kwa nini aliwaambia watu amepona.

Mume wangu alitazama chini. "Nyumba yote ilikuwa imepona, daktari," akasema. "Nikaona haya, mimi peke yangu kubaki na kichwa."

Walipomchukua sikuweza kukaa. Nilikwenda hadi mwisho wa ukumbi nikarudi, nikaenda tena, mkanda wa cherehani bado uko kifuani unanichoma. Nilimwogopea kuliko nilivyowahi kuogopa mawe ya barabarani. Mama mkwe, tasbihi mkononi, alianza kusema, "Mficha maradhi..." Nikamwomba asimalizie. Alisogea kwenye benchi akanipa nafasi, na mimi nikaendelea kutembea.

Kesho yake asubuhi tuliruhusiwa kuingia. Kichwa kilikuwa kimenyolewa na kufungwa bendeji, midomo imekauka. Mama yake akamuuliza kama kinauma. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, na niliuona uso wake unajitayarisha kutufurahisha.

"Baba watoto," nikamwambia, "usinifiche tena."

Akafumba macho. "Iko nauma," akasema. "Iko nauma sana, mama watoto."

Nikakaa chini pale sakafuni nikalia kwa furaha, nikamwomba anionyeshe ni wapi hasa.