Mkata chumvi anayepoteza macho

Saa mbili asubuhi, Mama Chumvi anapangusa vidole kwa kitambaa kikavu, mara ya tatu sasa. Katika maabara hii maji ni adui. Tone moja la jasho likidondoka, chumvi inaanza kuyeyuka.

Anaweka wembe juu ya jiwe la chumvi na kugonga mara moja, huku uso ameuelekeza ukutani. Kipande chembamba kama ukucha kinabanduka.

"Chumvi ina njia zake," anasema. "Ukiitumilia nguvu, inakukomoa."

Ndani ya kipande hicho mmenaswa vitone vidogo mno vya maji, vilivyofungiwa humo chumvi ilipokuwa ikiganda, mamilioni ya miaka iliyopita. Vikipimwa, hueleza kama chumvi ilitoka baharini au kwenye ziwa lililokauka. Kwa miaka 26 kazi yake imekuwa kuvitafuta kwa hadubini na kuvitia alama. Vya asili hujipanga safu. Vilivyoingia baadaye hufuata nyufa. Ukivichanganya, jibu ni uongo.

Miezi miwili iliyopita alivichanganya.

Daktari alikuwa ameshamwambia: presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Alimwambia mumewe tu. "Nilisema nimalize kwanza sanduku hili la mawe ya chumvi," anasema. "Mficha maradhi kifo humuumbua, naijua sana. Lakini methali huwa tunawaambia wengine."

Majibu yakasema ziwa, ilhali vipande vingine vilivyochimbwa kwenye shimo lilelile vilisema bahari. Lawama zikamwangukia fundi wa mashine ya kupimia. Mashine ikafunguliwa skrubu moja moja kwa wiki mbili, naye akapewa barua ya onyo.

"Dada, usingizi sipati," fundi alimwambia wakinywa chai. "Mashine nzima kabisa. Sasa kosa la nani?"

Mama Chumvi chai ikamshinda. Akaenda kwa mkuu wa maabara. "Nikamwambia, bosi, kibovu ni jicho langu."

Barua ya fundi ilifutwa. Mama Chumvi akaondolewa kwenye hadubini, na mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Fundi bado hamsemeshi. Ana haki, lakini inauma kuwaona wakipishana mlangoni kama wasiojuana.

Amemwomba mkuu abaki kupasua tu, kwa kupapasa, wenye macho wachague vitone. Jibu halijatoka. Jioni hufanya mazoezi jikoni, amefumba macho, kwa chumvi ya mawe. Mumewe hutia vipande vilivyoharibika kwenye mchuzi.

"Wiki ya kwanza chakula hakikulika," anasema mume kwa simu. "Siku hizi chumvi imepungua. Anapatia."

Maabarani, Mama Chumvi anamsogezea mwandishi hadubini.

"Hebu niangalizie, mwanangu. Vitone vimejipanga?"

Vimejipanga, safu tatu.

"Havijapasuka?"

Hakuna kilichopasuka.

"Basi niandikie hivyo," anasema, akitafuta kitambaa chake kwa mkono juu ya meza. "Bosi naye husoma magazeti."