Tangazo la Msiba wa Gongoni

Kwa miaka mingi nilisoma matangazo ya vifo kwenye redio moja ya Tabora. Nikifika kwenye jina la marehemu nilishusha sauti, na wafiwa hadi Puge na Bukene walinizoea hivyo. Bosi akaniondoa, akaweka mashine ya akili mnemba isome. "Mashine haishikwi na mafua," alisema akicheka mbele ya wenzangu.

Mwaka huu mama yake akafariki. Akanipigia simu akilia: "Kaka, nakuomba unisomee wewe."

"Pole sana, bosi. Iachie mashine, haishikwi na mafua."

Nilikwenda msibani kwake Gongoni, nikakaa jamvini karibu na redio. Jina la mama yake likasomwa kwa sauti ileile changamfu inayotangaza sabuni. Waombolezaji wakamgeukia bosi. Nikanyoosha mkono, nikaongeza sauti.