Kijiko cha Mvushaji

Jumatano, 9 Mei 1956. Mvua tangu alfajiri, mto umejaa.

Mvushaji wa kivuko cha Garsen, aliyepasuliwa tumbo kwa vidonda wiki tatu zilizopita, hutembea na kijiko cha chai mfukoni. Kwa viganja vilivyosuguliwa na kamba hukishika kama sindano: uji mwepesi, anameza, anangoja, anameza tena. Leo nyumbani kwangu niliona aibu mgeni kunywa uji, nikampakulia wali na kambare.

"Daktari amesema bado, ndugu yangu."

"Daktari hajaonja mkono wa mke wangu."

Akacheka, akala matonge mawili asinivunjie heshima. Kisha alijikunja ukutani, akitapika, jasho likimtiririka, na mimi nimeshika sahani.

Alhamisi, 10 Mei. Asubuhi alirudi, akamwambia mke wangu kambare alikuwa mtamu, akatoa kijiko, akaomba maji ya mchele.